Sungura wa Berkeley: Nani Aliyeanzisha Katuni za Televisheni?

Historia ya katuni za televisheni ya Marekani husimuliwa kwa mwanzo uleule. Mwaka 1957 kampuni ya filamu ya MGM yafunga idara yake ya katuni. William Hanna na Joseph Barbera, mafundi wa Tom na Jerry, wabaki bila kazi, kisha wabuni namna ya kuchora kwa gharama ndogo na kuiuzia televisheni. Tarehe 14 Desemba mwaka huohuo NBC yarusha The Ruff and Reddy Show, kipindi cha paka na mbwa wenye kusema. Baada yao waja Huckleberry Hound, Yogi Bear na ukoo wao mzima, ambao msomaji anaufahamu na sina haja ya kuueleza.

Sehemu kubwa ya masimulizi hayo ni kweli. Kasoro iko kwenye dai la ubunifu. Miaka saba kabla ya Ruff na Reddy, tarehe 1 Agosti 1950, kituo cha KNBH cha Los Angeles kilikuwa kimekwisha kumwonyesha Crusader Rabbit, sungura mdogo jasiri, pamoja na rafiki yake chui milia mkubwa, mwenye moyo mwema na akili nzito, Rags. Hiyo ndiyo katuni ya kwanza ya mfululizo kutengenezwa mahsusi kwa televisheni. Aliyeibuni aliitwa Alex Anderson, na ni vitabu vichache tu vinavyompa zaidi ya aya moja.

Anderson alizaliwa mwaka 1920 huko Berkeley, California. Mjomba wake alikuwa Paul Terry, mwenye studio ya Terrytoons iliyotengeneza katuni za kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kijana alimwendea mjomba na pendekezo: tutengeneze katuni za televisheni. Terry alikataa. Filamu zake zilisambazwa na 20th Century Fox, na watu wa sinema waliiona televisheni kuwa adui. Mwaka 1955 mjomba huyohuyo aliiuza studio yake yote kwa CBS, shirika la televisheni, lakini wakati huo mpwa alikuwa amekwisha kwenda zake.

Wazo la Anderson lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1941 Disney ilitoa filamu The Reluctant Dragon, inayomtembeza mtazamaji ndani ya studio. Humo mna kisa kifupi cha mtoto mchanga mwenye akili za ajabu, kinachosimuliwa kwa michoro ya matayarisho tu. Picha karibu zote zimetulia, mwendo ni kidogo sana, na sauti ya msimulizi ndiyo inayobeba mambo. Wengine walikiona kama kichekesho cha kupitisha muda. Anderson alikiona kuwa ufumbuzi. Katuni ya sinema ya dakika saba ilidai maelfu ya michoro na fedha ambazo hakuna kituo cha televisheni kingeweza kuzitoa. Lakini kama maneno ni mazuri na sauti ni hai, mtazamaji hatalalamika kwamba mguu wa sungura haukusogea.

Mwenzake katika safari hiyo alikuwa Jay Ward, rafiki wa tangu utotoni, aliyesomea biashara Harvard na kurudi Berkeley kufungua ofisi ya udalali wa nyumba. Mwaka 1947 lori lililokosa breki liliivamia ofisi hiyo na kumjeruhi vibaya. Alipokuwa akiuguza majeraha, Anderson alimletea habari za katuni. Wakaunda kampuni, Television Arts Productions, na mwaka 1948 wakatengeneza filamu ya majaribio waliyoiita The Comic Strips of Television.

Filamu hiyo ya majaribio ndiyo ushahidi unaopuuzwa kuliko wote, kwa sababu karibu kila kitu cha miaka ishirini iliyofuata kimo ndani yake. Mna Crusader Rabbit. Mna mpelelezi Hamhock Jones. Mna Dudley Do-Right, askari mpanda farasi wa Kanada ambaye baadaye angekuja kuwa maarufu. Mna msimulizi anayeongoza kisa. Mna jozi ya mdogo mwerevu na mkubwa mzito. NBC ilimkabidhi mtayarishaji Jerry Fairbanks kazi hiyo, naye akamchagua sungura. Vilitengenezwa vipindi 195, kila kimoja cha dakika chache, vikikatishwa pale hasa mtazamaji anapotaka kujua kitakachofuata. Sauti ya sungura ilikuwa ya Lucille Bliss. Katika kisa cha kwanza sungura anapambana na jimbo zima la Texas lililoamua kuwafukuza sungura wake.

Wapo wanaopenda kumwingiza Crusader katika ukoo wa sungura wa Afrika, yule aliyevuka bahari pamoja na watumwa na kuitwa Brer Rabbit katika kitabu cha Joel Chandler Harris cha mwaka 1880. Kwetu sisi tuliolelewa na hila za sungura dhidi ya fisi, dai hilo linavutia, lakini halisimami. Sungura wa hadithi zetu huishi kwa hila na hajali haki ya mtu. Huyu wa Anderson hutafuta wanyonge wa kuwatetea, na katika wazo la awali hakuwa hata sungura: alikuwa punda aliyechorwa kwa kumdhihaki Don Quixote. Asili yake ni Hispania ya Cervantes.

Wanaowatetea Hanna na Barbera wana hoja moja inayostahili jibu. Wanasema Crusader aliuzwa kituo kimoja kimoja, ilhali Ruff na Reddy walirushwa na mtandao wa taifa zima. Ni kweli. Lakini hiyo ni tofauti ya soko. Kipindi cha paka mwerevu na mbwa mzito, chenye msimulizi, visa vya kuendelea na michoro michache, kimefuata ramani ya Berkeley hatua kwa hatua. Tena Hanna hakuijua ramani hiyo kwa kusikia. Kabla ya Ruff na Reddy, yeye na mchoraji mwenzake wa MGM, Mike Lah, waliunda kampuni ndogo, Shield Productions, ili watengeneze vipindi vipya vya Crusader Rabbit kwa ajili ya Ward. Mzozo wa haki ulioufuata mkasa wa kifedha wa Fairbanks uliizima kazi hiyo, na mwishowe sungura akaangukia mikononi mwa mfanyabiashara Shull Bonsall, aliyemtoa upya kwa rangi bila waasisi wake.

Hapo Anderson aliachana na katuni akaingia kwenye matangazo ya biashara. Ward aliendelea. Tarehe 19 Novemba 1959 ABC ilirusha Rocky and His Friends, kisa cha kindi arukaye na paa mkubwa wa kaskazini aitwaye Bullwinkle, wakaazi wa Frostbite Falls, Minnesota, wanaosumbuliwa na majasusi Boris na Natasha. Kipaji cha mwandishi Bill Scott, aliyekuwa pia sauti ya Bullwinkle, na cha June Foray, sauti ya Rocky, hakina mjadala. Lakini kindi na paa walikuwa wa Anderson, aliyewabuni karibu mwaka 1950 kwa kipindi kuhusu wanyama wa msituni wanaoendesha kituo cha televisheni. Ward alifariki mwaka 1989. Miaka michache baadaye filamu ya kumbukumbu ilisimulia kazi yake bila kumtaja Anderson, naye alipofuatilia aligundua kwamba hakimiliki ilikuwa imeandikishwa kwa jina la Ward peke yake. Alishtaki. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama, na warithi wa Ward wakamtambua kuwa ndiye aliyewabuni kwa mara ya kwanza Rocky, Bullwinkle na Dudley. Alifariki mwaka 2010.

Nasita kumwita Ward mwizi. Aliwapa wale wanyama sauti na ulimi mkali ambao Anderson hakuwapa, na bila yeye wangebaki kwenye karatasi. Hanna na Barbera nao waliyajua machungu haya: Oscar saba za Tom na Jerry zilipokelewa na mtayarishaji Fred Quimby. Kwa hiyo haifai kutetea sifa yao kwa kufuta ya mwingine. Walijenga kiwanda kilichowalisha watoto wa nchi nyingi, na sifa hiyo inatosha. Anayetaka kuwaongezea uasisi na aeleze kwanza ni sungura wa nani ambaye Hanna alikuwa akimchora Shield.