Mwendo ndio kioo cha mbwa wa German Shepherd

Katika maonyesho ya mbwa, mnyama mwenye manyoya yanayong'aa na kichwa cha kupendeza anaweza kukosa tuzo mara tu anapoanza kutembea. Ndivyo inavyopasa kuwa, kwani mwendo hufichua kasoro za mifupa, viungo na misuli ambazo hazionekani mbwa anapokuwa amesimama. Hata hivyo, historia ya aina ya German Shepherd inaonyesha kwamba waamuzi wakituza mwendo wa kuvutia macho badala ya mwendo timamu, anayeumia ni mbwa mwenyewe.

Aina hii ilianzishwa na Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa kikosi cha farasi nchini Ujerumani. Mnamo 1899 alinunua mbwa aliyempa jina Horand von Grafrath, akashiriki kuunda chama cha wafugaji, na mbwa huyo akawa wa kwanza kuandikwa katika daftari la nasaba. Azma ilikuwa kupata mbwa wa kazi. Mbwa wa kuchunga kondoo hushinda akilizunguka kundi kutwa nzima, na kwa hivyo alihitaji mwendo wa mchakamchaka unaofika mbali bila kumchosha.

Katika mwendo huo, mguu wa mbele wa kulia huinuka pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili hufuata. Nguvu ya kusukuma mwili hutoka miguu ya nyuma, hupitia mgongoni na kufika mbele, ambako bega hufunguka ili mguu unyooke kuifuata ardhi. Mgongo uliolegea huipoteza nguvu hiyo njiani, sawa na mkokoteni uliovunjika mti wa kati.

Viwango vya aina hii vinataka dume awe na kimo cha sentimita 60 hadi 65 mabegani, na jike sentimita 55 hadi 60. Urefu wa kiwiliwili huzidi kimo kwa takriban asilimia 10 hadi 17. Urefu huo wa wastani huipa miguu nafasi ya kupiga hatua ndefu bila kugongana.

Mwamuzi makini humtazama mbwa kutoka pande tatu. Mbwa akienda, huchunguza iwapo vifundo vya nyuma vinaelekeana au vinayumba. Akirudi, huangalia kama viwiko vimetoka nje na kama nyayo zinarushwa pembeni. Akipita ubavuni, hupima urefu wa hatua na uthabiti wa mgongo. Kasi inapozidi, nyayo husogea kuelekea mstari wa katikati ya mwili ili kulinda mizani; hiyo si kasoro. Kasoro ni miguu kupishana, au mwili kwenda upande kama wa kaa.

Kamba nayo huweza kudanganya. Mbwa anayevutwa shingo juu huinuliwa sehemu ya mbele, na udhaifu wa mabega ukafichika. Kwa sababu hiyo, ni vyema atazamwe kamba ikiwa imelegea, na kwa mwendo wa polepole pia, kwa maana kasi hufunika mengi.

Uamuzi wa uwanjani huamua vizazi. Mwaka wa 1925, Stephanitz alimpa ubingwa Klodo vom Boxberg kwa kuwa mbwa wengi wa wakati huo walikuwa wamerefuka mno na kuwa na umbo la mraba. Wafugaji waliufuata mkondo huo. Miongo kadhaa baadaye, baadhi ya koo zilikuwa zimepitiliza: mgongo ukateremka sana nyuma, na pembe za miguu ya nyuma zikazidi kiasi.

Suala hilo lilizua ghadhabu mwezi Machi 2016 katika maonyesho ya Crufts jijini Birmingham, Uingereza. Jike wa aina hii aliyeshinda tuzo ya aina yake alionekana kwenye televisheni akitembea kwa taabu, mgongo ukiwa umeteremka. Watazamaji wengi walilalamika, na ikawa dhahiri kwamba mwamuzi naye ana sehemu yake katika afya ya mbwa.

Lakini jicho pekee halitoshi. Hitilafu ya nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai barabara katika tundu lake, yaweza kumpata mbwa anayetembea vizuri ujanani. Chama cha Ujerumani kilianza kuweka alama ya ukaguzi wa nyonga mnamo 1966. Nchini Uingereza, kila nyonga hupewa alama kutoka 0 hadi 53 kwa kutumia picha ya eksirei, na jumla ndogo ndiyo bora. Hitilafu hii hurithiwa kupitia jeni nyingi, huku unene wa kupindukia utotoni ukiizidisha.

Nchini Kenya, ambako German Shepherd hutumiwa na polisi na kulinda nyumba, mnunuzi ana haki ya kuomba kuwaona wazazi wa kijibwa wakitembea kamba ikiwa imelegea, na picha za nyonga zao zilizopigwa baada ya kutimiza umri wa mwaka mmoja. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Na kijibwa wa wazazi wanaochechemea huenda akamgharimu mwenyewe fedha nyingi za matibabu, na mbwa akaishi maisha ya maumivu.