Usiku ambao futi 31,000 ilibadilishiwa mwenyewe

Test zimepungua, kwa hiyo leo tupige historia kidogo. Sio Mkwawa wala Majimaji, hayo mmeyasikia sana. Leo tunapanda juu angani.

Sisi wa Iyunga tukifuata barabara ya Tunduma kama km 100 hivi tunafika mpaka wa Zambia. Huko juu nako kuna mpaka, ila hauna geti wala foleni ya malori. Ndege ikitoka Nairobi kwenda Lusaka, Nairobi wanaikabidhi kwa Dar, halafu Dar wanaikabidhi kwa Lusaka. Rubani anabadilisha masafa ya redio, basi, kazi imehamia kwa mtu mwingine.

Zamani kidogo hali ilikuwa tofauti. Enzi za Jumuiya ile ya kwanza, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na idara moja ya usafiri wa anga. Jumuiya ikavunjika 1977 na kila nchi ikabaki na idara yake. Kuanzia hapo utaratibu wa mpakani ukawa jambo la kukubaliana kati ya serikali na serikali.

Sasa sikieni hii. Kwa miaka mingi, ndege zilizo juu ya futi 29,000 zilipishana kwa futi 2,000, kwa sababu huko hewa ni nyepesi na vipimo vya kimo vya zamani havikuaminika sana. Vipimo vilipokuwa bora, nafasi ikapunguzwa kuwa futi 1,000 mpaka futi 41,000. Vimo vikaongezeka kutoka 7 hadi 13, na ndege nyingi zaidi zikapata kimo kinachookoa mafuta. Atlantiki ya Kaskazini walianza 1997, Ulaya 2002, Marekani 2005. Afrika tukaanza tarehe 25 Septemba 2008.

Utata uko hapa. Kwa mpango wa zamani, futi 31,000 ilikuwa ya ndege zinazoelekea upande wa magharibi, kwa mfano Nairobi kwenda Lusaka. Kwa mpango mpya ikawa ya zinazoelekea mashariki, yaani Lusaka kwenda Nairobi! Futi 35,000 na 39,000 nazo vilevile. Hebu fikirieni Dar wabadilishe leo, Lusaka waseme sisi tutaanza kesho. Ndege mbili, njia moja, kimo kimoja, zinatazamana.

Ndiyo maana tarehe haikuokotwa tu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lina kalenda ya mabadiliko, kila baada ya siku 28, siku ya Alhamisi, inayohesabiwa kwa saa za UTC. Usiku wa manane wa UTC ni saa 9 usiku kwetu. Iyunga tumelala fofofo, vituo vinahama pamoja. Tarehe ya mwanzo iliahirishwa kwa sababu Afrika nzima haikuwa tayari, na nadhani kuahirisha kule kulikuwa busara. Hapa huwezi kusema wengine watatukuta mbele.

Anayeona ni makaratasi tu akumbuke 13 Septemba 1997. Karibu na pwani ya Namibia, ndege ya jeshi la Ujerumani na ya jeshi la Marekani ziligongana kwenye futi 35,000. Wakafa watu wote 33. Ndege ya Kijerumani haikuwa kwenye kimo ilichotakiwa, na waongoza ndege wa Windhoek hawakuwa na taarifa zake. Ujumbe haukufika, basi.

Walimu watarajiwa wenzangu, tunakaririshwa sababu za Jumuiya kuvunjika 1977, tunazimwaga kwenye mtihani, tunasahau. Mimi nitakapoingia darasani nitaongeza swali moja: baada ya kuvunjika, nani walilazimika kuendelea kuelewana? Jibu mojawapo ni hawa wa kwenye redio. Wakinuniana siku moja tu, kuna watu hawafiki nyumbani.

Haya, maoni yenu nayasubiri. Wa jiografia msikae kimya!