Daftari la Mwezi na Rafu ya Duka

Zamani, kabla ya noti kujulikana huku kwetu, wafanyabiashara wa Ziwa Tanganyika walihesabu mali yao kwa nguo na ushanga. Burton, aliyefika Uvira pamoja na Speke mwaka 1858, aliandika kwamba kete kumi za ushanga ni fundo moja. Mali ikipungua, mwenyewe aliiona kwa macho. (Ushanga nao ulikuwa na hila yake: rangi ikichukiza watu, hakuna aliyeupokea.)

Noti zilipokuja, hesabu ikahamia daftarini, na hapo macho yakaanza kudanganywa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wenyeji. Katika Zaire yote, wengi waliopewa maduka waliuza bidhaa walizozikuta, wakaita fedha zote faida, wasinunue nyingine. Laiti wangalihesabu rafu pamoja na sanduku la fedha kila mwisho wa mwezi, wangaliona kwamba wanakula mtaji! Mwaka 1976 wageni wengi walipoanza kurudishiwa mali, maduka mengi yalikuwa matupu.

Basi, je, aliyejaza sanduku alisalimika? La. Siku ya Noeli mwaka 1979 serikali ilifuta noti za Zaire 5 na 10, na siku za kuzibadili zilikuwa chache.

Shida kubwa zaidi ilikuja baadaye. Oktoba 1993 Zaire mpya moja ilishika mahali pa Zaire 3,000,000 za zamani. Juni 1998 franka moja ya Kongo ikashika mahali pa Zaire mpya 100,000. Sasa tuseme mwenye duka wa Kalundu, katika miaka ile, alinunua magunia 20 ya chumvi, akayauza yote kwa bei maradufu. Daftari lamsifu. Arudi kununua, akuta bei imepanda mara tatu: fedha zote zampatia magunia 13 tu. Je, yale saba yamekwenda wapi? Katika daftari la fedha hayaonekani kamwe; yaonekana kwa yule tu aliyeandika pembeni idadi ya magunia mwanzo wa mwezi na mwisho wake.

Ndiyo maana hata leo mwenye duka, akiisha kufunga hesabu ya fedha, yafaa aende stoo kuhesabu magunia.