Uso Hauna Daraja

Novemba 1857 Burton na Speke waliingia Kazeh, Tabora ya leo. Burton akaandika habari za nyuso za Wanyamwezi, chale zao na meno ya juu yaliyochongwa yakaacha mwanya. Lakini kwa jicho la kupanga watu madaraja, nami jicho hilo silipendi.

Mwaka 1899 Mmarekani Edward Angle aliugawa mwumano wa meno mafungu matatu, akifuata magego ya kwanza. Kwa Kiswahili tuyaite "aina". Mama wa Tabora, mji wa reli, akiambiwa mwanawe ni "daraja la pili" atafikiria behewa! BAKITA, iliyoundwa 1967, iamue. Na mwanya, ambao kwetu ni urembo, usiandikwe "kasoro" kabla mwenyewe hajaulizwa.