Ala ina kazi mbili: mshale, bunduki na kidole

Kutoka Mbulumbulu, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ukipita Karatu mjini ukateremka mpaka Mangola, unafika Ziwa Eyasi, nchi ya Wahadzabe. Ukionyeshwa mshale wa sumu huko, ncha yenyewe huenda usiione. Utakuta ukanda mwembamba wa ngozi umezungushiwa pale penye sumu. Ukanda huo huizuia sumu isikauke, na pia humkinga mwindaji asijichome mwenyewe. Sumu hutokana na mimea kama waridi la jangwani, na shabaha yake ni moyo.

Yaani ala ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kubeba silaha. Ya pili husahaulika: kumlinda mbebaji.

Hebu tuone kinachotokea kazi ya pili ikisahaulika. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alisafiri na Livingstone kwenye Mto Zambezi kuanzia 1858. Aliweka sumu ya mishale na mswaki wake mfuko mmoja. Alipopiga mswaki, akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Bahati yake kiasi kilikuwa kidogo. Sumu hiyo ilipelekwa Edinburgh, Thomas Fraser akaichunguza, na hatimaye ikazaa dawa ya moyo. Lakini chanzo cha yote ni mfuko uliobeba silaha bila kuifunika.

John Hanning Speke hakubahatika hivyo. Huyu ndiye aliyefika Ziwa Victoria mwaka 1858. Tarehe 15 Septemba 1864, akiwa mawindoni Uingereza, alikuwa anapanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ikafyatuka na kumpiga kifuani. Kesho yake alikuwa ahojiane hadharani na Burton kuhusu chanzo cha Mto Nile. Wapo waliosema alijiua, ila uchunguzi uliamua ni ajali. Bunduki ile haikuwa na kizuizi cha usalama. Angalia vitu vitatu vilivyokutana: risasi ndani, mwili unaosogea, na mtambo ulio wazi.

Sasa tuje kwenye bastola, maana kuichomoa kiunoni kunakutanisha vitu hivyo vitatu kila mara. Bastola ya Colt ya 1873 ilikuwa na matundu sita ya risasi, lakini wabebaji makini walijaza matano tu. Tundu tupu lilikaa chini ya nyundo, ili silaha ikianguka isifyatuke. Bastola nyingi za leo zinavumilia kuanguka, na baadhi hazina kabisa kizuizi cha kufunga kwa kidole gumba. Kwa hiyo mzigo umehamia kwenye ala na kwenye kidole.

Ala nzuri hufunika triga yote pamoja na pete inayoizunguka. Mdomo wake ni mgumu, haukunjiki. Ngozi iliyochakaa na kulegea huweza kuingia ndani ya pete wakati bastola inarudishwa, ikaivuta triga kama kidole. Kamba ya koti hufanya vivyo hivyo.

Kuna ala nyingine zenye kitufe cha kufungulia kinachobonywa kwa kidole cha shahada. Wazo linaonekana zuri: mwizi hawezi kukupora silaha kirahisi. Tatizo ni kwamba mwenye haraka hubonyeza kwa nguvu, bastola inatoka, na kidole kile kile, bado kimebonyeza, kinatua kwenye triga. Risasi inaingia pajani mwake mwenyewe. Ndiyo maana wabunifu wengine waliihamishia kazi hiyo kwenye kidole gumba, ambacho hakiko njiani kuelekea triga.

Kwa hiyo ukitaka kuipima ala yoyote, usianze na jinsi inavyoishika silaha. Uliza inafunika nini, na kidole kinatua wapi silaha inapotoka. Mwindaji wa Eyasi hufungua ukanda wake pale tu anapokaribia kurusha mshale. Mpaka hapo, sumu imefunikwa.