Aston Villa: klabu ya Uingereza aliyoichezea Samatta

Wengi wetu huku Shinyanga na Geita tulianza kuifuatilia Aston Villa Januari 2020, ilipomsajili Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Je, klabu hii ilitoka wapi?

Ilianzishwaje?
Ilianzishwa Birmingham mwaka 1874 na vijana wa kanisa la Methodisti waliocheza kriketi. Walitaka mchezo wa kucheza wakati wa baridi. Mechi yao ya kwanza walikutana na timu ya raga: kipindi cha kwanza kikawa raga, cha pili soka. Villa ilishinda 1-0.

Inakumbukwa kwa lipi?
Kiongozi wake, William McGregor, ndiye aliyetoa wazo la kuanzisha ligi ya Uingereza, iliyoanza 1888. Mwaka 1982 Villa ilitwaa Kombe la Ulaya kwa kuifunga Bayern Munich 1-0.

Samatta alifanya nini?
Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth. Machi 1, 2020 alifunga tena Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Manchester City ilishinda 2-1. Mwaka huohuo akahamia Fenerbahçe ya Uturuki.

Alipitia wapi?
Simba, TP Mazembe ya Lubumbashi, kisha Genk ya Ubelgiji. George Mpole naye, baada ya mabao 17 akiwa Geita Gold msimu wa 2021/22, alikwenda Lubumbashi kuichezea Lupopo. Kwa vijana wetu, safari ya mbali huanzia ligi ya nyumbani.