Kibao cha maelezo cha banda la ndege

Kibao cha maelezo ni bamba lenye maandishi na picha ambalo bustani ya wanyama huliweka mbele ya banda la ndege ili mgeni awatambue ndege anaowatazama. Aghalabu hutaja jina la kawaida, jina la kisayansi, yaani jina la Kilatini linaloonyesha jenasi na spishi kwa utaratibu wa Carl Linnaeus wa karne ya 18, na hali ya spishi katika Orodha Nyekundu ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kibao cha korongo-taji, Balearica regulorum, nembo ya taifa la Uganda, hakikamiliki kisipoeleza kwamba ndege huyo aliwekwa mwaka 2012 katika kundi la walio hatarini kutoweka, kwa sababu ardhioevu anamozaliana zinageuzwa mashamba na makinda yake hukamatwa kwa biashara. Kazi ya kibao ni ngumu zaidi katika banda la kupita ndani, ambamo spishi nyingi huruka kwa pamoja. Hapo picha za dume na jike, wanapotofautiana rangi, humfaa mgeni kuliko aya ndefu.